MNE-Python: mwezi mmoja wa kusafisha mawimbi ya ubongo

Ishara ya ubongo inayopimwa juu ya ngozi ya kichwa ni ndogo mno, makumi tu ya maikrovolti. Mtu akipepesa jicho mara moja, wimbi la jicho hupita mia na kufunika kila kitu. Kwa mwezi mzima nimepambana na kelele hizo kwa kutumia MNE-Python, programu ya kuchambua mawimbi ya ubongo. Naandika kuihusu kwa sababu wenzangu hapa Dar wananiuliza waanze na nini.

Ni ya bure. EEGLAB, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo nzuri, lakini imejengwa juu ya MATLAB, programu ya hesabu ya kulipia, na leseni yake si ya mfuko wa mwanafunzi.

Nilianza na data za PhysioNet, hifadhi ya wazi ya data za tiba mtandaoni: watu 109, elektrodi 64 (vihisi vinavyowekwa kichwani), wakikunja ngumi kweli au kwa kuwaza tu. Programu yenyewe inakupakulia. Nikachuja mvumo wa umeme kwenye hezi 50, kama umeme wetu ulivyo, na mwiba wa mvumo huo ukabaki palepale kwenye grafu. Ulikuwa kwenye 60, maana data zilirekodiwa Marekani. Tangu siku hiyo siweki kichujio kabla ya kutazama grafu ya masafa.

Ninachokipenda zaidi ni ICA, hatua inayotenganisha mchanganyiko kuwa vyanzo, kila kimoja kikichorwa kama kichwa kinachotazamwa kutoka juu. Macho hujitokeza mbele kwenye paji la uso, wazi kabisa. Misuli ya taya huonekana pembeni, karibu na masikio. Unachagua cha kuondoa, na programu inakuwekea ishara ya kabla na ya baada, moja juu ya nyingine. Unaona unachotupa, na hilo kwangu lina thamani kuliko kasi. Ila ondoa kwanza masafa yaliyo chini ya hezi 1, la sivyo jasho na waya unaocheza vitavuruga hesabu nzima.

Ugumu nilikutana nao nilipomrekodi mdogo wangu kwa kofia ya elektrodi 8. Vyanzo haviwezi kuzidi idadi ya elektrodi, kwa hiyo jicho na ubongo viliingia kapu moja. Nilipotoa chanzo cha jicho, wimbi la hezi 8 hadi 13 likapungua nalo. Wimbi hilo ndilo hushuka upande wa kulia wa kichwa mtu anapowaza kusogeza mkono wa kushoto, na kifaa kinachoongozwa kwa mawazo husubiri mshuko huo. Nikakirudisha chanzo, nikatupa tu vipande alivyopepesa.

Mwenye elektrodi 32 na kuendelea aanze na ICA bila wasiwasi. Mwenye 8 kama mimi atumie muda wake kichwani kwa mtu: atenge nywele, aweke jeli ya kutosha, achomoe chaja ya laptopu. Kwa mdogo wangu, kuchomoa chaja peke yake kulishusha mwiba wa hezi 50 kabla sijaandika hata mstari mmoja.