Chaja ya betri za boti: kabla hujauliza ampea, uliza kama inajua joto

Malalamiko ninayopata kutoka huko Ziwa Nyasa, Matema, Ikombe mpaka Itungi, yanafanana mno. Dada, nimenunua betri ya sola Mbeya mjini, deep cycle kabisa, na chaja mpya juu, haijamaliza hata mwaka imevimba ubavuni kama chapati. Mwingine yake haijavimba ila inakunywa maji balaa, anaongeza leo wiki ijayo pleti ziko wazi tena. Halafu kuna kaka wa Uyole, huku juu Mbeya kwenye baridi, yeye hana hata boti, betri ni ya taa za nyumbani na inakaa chini ya kitanda, haivimbi, haimalizi maji, ila haijai, saa nne usiku giza. Nikawaomba picha za chaja zao. Ni chaja ileile moja, boksi lilelile, wa moto inawaunguzia na wa baridi inamlaza njaa.

Mambo ya ampea sitarefusha maana kila mtu anayajua: chukua Ah za betri (ampea-saa, yaani ujazo wake) gawa kwa kumi, betri ya 100Ah tafuta chaja ya ampea 10. Ukifika 15 au 20 kwa betri ya maji sio dhambi. Ukinunua ya ampea 2 ni ya pikipiki hiyo, utakesha.

Kitu ambacho hakuna muuzaji hata mmoja atakutajia ni joto. Volti zote zilizoandikwa kwenye boksi, 14.4 ya kujaza, 13.5 ya kushikilia, zimepangwa kwa betri yenye nyuzi 25. Betri ya risasi ikipata moto inataka volti ndogo, ikipata baridi inataka kubwa, na kwa betri ya volti 12 hesabu ni kama milivolti 18 mpaka 30 kwa kila nyuzi moja. Utasema milivolti ni nini bwana. Haya, panda Coaster pale Uyole, pita Tukuyu na mvua zake, teremka mpaka Kyela: umetoka karibu mita 1,700 umefika chini ya mita 500. Huku juu usiku wa Julai nyuzi 10 ni kawaida tu, kule ziwani mchana wa Novemba ni 33 na kuendelea, na hapo sijaingia ndani ya boksi la betri lililofunikwa turubai jua la saa nane. Tofauti ya nyuzi 25 hivi ni kama nusu volti au zaidi, na kumbuka betri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7 wakati iliyobaki nusu inasoma 12.2. Nusu volti hiyohiyo mnayoidharau.

Kwa hiyo chaja isiyojua joto, ikiwa Kyela inasukuma kupita kiasi, maji yanageuka gesi yanaondoka, na kama ni betri kavu, yaani AGM au jeli, huna pa kuongezea maji ndo inavimba na kufa. Ikiwa Mbeya haifikishi, betri haijai kamwe, salfeti inaganda kwenye pleti inakuwa ngumu, baada ya miezi kadhaa unaambiwa betri mbovu. Na joto lenyewe hata bila chaja linakula umri, mafundi wanahesabu kila nyuzi 8 mpaka 10 juu ya 25 maisha ya betri yanakatika nusu, ndo maana nawaambia watoeni hizo betri juani wekeni kivulini hata kabla ya kununua chochote.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Victron, Blue Smart, na sifichi kwamba naipenda, wanaosema nalipwa na waseme. Ni Waholanzi hawa, zile za bluu. Inarekebisha volti kwa joto yenyewe, inaonyesha kwenye simu kwa Bluetooth volti na ampea zinazoingia, na ikishajaza inashuka mpaka 13.2 na kukaa hapo, kila wiki inaamka kidogo kuichangamsha betri halafu inarudi. Hii ya kukaa ni muhimu kuliko mnavyodhani. Wavuvi wa usipa, dagaa wetu wa Nyasa, mnajua, mbalamwezi ikiwa kali taa za kuvulia hazina kazi, watu wanapumzika mpaka giza lirudi, na huo ndo wakati betri zinakufa maana zimerudi kutoka ziwani nusu tupu zikatupwa kibandani. Ichaji siku ileile uliyoshuka, iache kwenye chaja, ukirudi giza iko tayari. Kuna IP65 na IP22, hivyo ni viwango vya kuzuia vumbi na maji. Kama chaja inakaa nyumbani au kibanda kikavu IP22 inatosha na inakuja mpaka ampea 30, kama inakaa karibu na maji chukua IP65. Usikubali kuuziwa "spesho ya baharini" kwa bei ya baharini, Nyasa ni maji baridi, chumvi unayolipia hunayo. Kitu kimoja tu: chaja inapima joto la pale yenyewe ilipo, kwa hiyo chaja isiwe sebuleni betri iwe juani, zikae sehemu moja.

Ya pili CTEK ya Sweden, MXS 10 au ile M200 ya boti yenye ampea 15. Sensa ya joto zinayo, ni ngumu, haziharibiki ovyo. Kinachoniudhi hakuna namba, ni vitaa tu, mimi nataka kuona volti. Ile ndogo MXS 5.0 wenyewe wameandika mwisho 110Ah, kwa betri kubwa ni kuitesa.

Ya tatu NOCO Genius10. Nzuri, ndogo, inapima joto pia. Lakini hapa kuna mtego mkubwa, ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 230 ya TANESCO umepika. Anayekuletea mzigo kutoka nje mwambie akupigie picha ya maandishi ya nyuma ya ingizo la umeme, usiridhike na "inatumika dunia nzima dada". Tafuta ya Uingereza au Ulaya.

Chaja za Kichina za dijito zenye kioo chekundu: bei nafuu, joto hazijui, umeme ukikatika ukarudi nyingi zinasahau ulichochagua. Chaja za transfoma za fundi: za kuamshia betri ya lori, unasimama nayo unaichomoa, basi.

Na wauzaji jamani. Bei ya Kariakoo na bei ya huku kwa kitu kilekile unaambiwa ni usafiri, usafiri gani, hiyo chaja ina kilo moja na inakuja kwenye buti la basi. Halafu hizi stika. Duka moja mjini hapa nilikuta betri ya kawaida ya gari, N70 kabisa, imebandikwa "DEEP CYCLE SOLAR 100AH" na kona ya stika imeshaanza kunyanyuka, chini yake namba ya kiwandani inaonekana. Namwuliza kijana ananiambia mama hiyo ni mpya ya mwaka huu. Siku hizi nawaambia watu chukua betri uliyoonyeshwa ipeleke kwa jirani yake anayeuza mchele aiweke kwenye mizani. 100Ah ya kweli ya risasi inacheza kwenye kilo 27 mpaka 30. Ikisoma 17 rudisha taratibu na ondoka, usigombane naye. Na warantii usiitegemee, ukirudi nayo imevimba jibu ni moja, "umechaji vibaya", wakati chaja wamekuuzia wao.

Matunzo sasa, kwa betri ya maji. Usishuke chini ya 12.2 ikiwa imepumzika, testa ni bei ndogo nunua. Chaji kwanza ndo uongeze maji, sio kabla, maana ikichajiwa maji yanapanda yatamwagika na asidi yake. Labda ukute pleti ziko wazi hapo funika tu kidogo kisha chaji. Maji yawe yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, chupa yenye sili, sio asidi, asidi haiongezwi. Watu wa Tukuyu mnaniambia mvua yenu ni safi, mvua ni safi ila bati lenu sio safi. Ukiwa na haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, iliyojaa inasoma kwenye 1.265 mpaka 1.280, na kama chumba kimoja kimepishana na kingine kwa 0.030 hapo ndo unaipa chaji ya kusawazisha, kama volti 15.5 hivi, betri ya maji tu, kavu usithubutu. Vichwa vikiota ungaunga osha kwa magadi na maji ya vuguvugu bila kuingiza kwenye matundu, kausha, paka grisi.

Kaka wa Uyole nimeshamwambia atoe ile betri chumbani. Inatoa haidrojeni ikichajiwa, ikifika asilimia 4 kwenye hewa inaweza kulipuka ikipata moto, na kwa baridi ya huku kila mtu analala na jiko la mkaa pembeni, ambalo hilo nalo ni la kutoa.

Wanaouliza litiamu, hizo sheria za joto nilizosema sio zake, chaja yake iwe na chaguo la litiamu kabisa, na usiiwekee ile programu ya kufufua betri inayopanda mpaka 15.8. Victron Blue Smart chaguo hilo inalo.