Peugeot 404 au 504? Kabla hujatoa hela chungulia difu

Jamaa mmoja wa Tanga kanitumia sauti ya 404 aliyonunua juzi kwa dalali, ikifika spidi 60 nyuma inaanza uuuuuu, muuzaji anamwambia eti ni matairi. Sio matairi kaka, hiyo ni difu, lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma linalopeleka nguvu kwenye matairi, na wanaoulizia hizi Pijo za zamani wote wanauliza kutu na rangi tu, difu hakuna anayeigusa.

Iko hivi. Difu ya 404 sio kama za gari nyingine nyingi, ndani ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba, na oili yake ya enzi zile ilikuwa ya asili ya nyonyo. Sasa fundi wa siku hizi anakumiminia oili ya kawaida ya difu, zile za GL-5, nyingi zina kemikali za salfa zinazokula shaba taratibu, na gurudumu likishaisha kulipata jingine ni shughuli. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari mwambie fundi afungue bolti ya kujazia oili, chovya kidole, kipeleke juani. Ukiona inametameta chenga za rangi ya dhahabu, funga, shukuru, ondoka.

Ndo maana namba moja kwangu ni 504. Difu yake ni ya meno ya kawaida, oili unapata popote. Injini ya cc 1971 inatoa farasi 90 na ushee, 404 yenye cc 1618 ni kama 70 hivi, utaiona tofauti mlimani ukiwa umepakia watu. Breki pia, 404 za mwanzo zina dramu miguu yote minne, mteremko mrefu zinachoka. Ila chungulia chini kabla hujalipa, 504 nyingi za saluni kila tairi la nyuma lina springi yake na linacheza peke yake, hapo ndo ule ulaini unaosifiwa, lakini 504 L ya kuanzia 1973 ina ekseli ngumu, yaani matairi mawili ya nyuma yameshikana kwa chuma kimoja, na muuzaji hakwambii, anakuuzia kwa bei ileile.

404 namba mbili, na sio kwa ubaya, kwa sura inaishinda 504 kabisa, yale mapezi ya nyuma jamani! Injini zote mbili zina silivu za kuchomoa, zile bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka, fundi anabadilisha silivu na pistoni bila kuchonga bloku. Mimi ni mtu wa Peugeot, sifichi.

Kinachoniudhi ni bei. Dalali akishasikia neno Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, anaongeza sifuri. Ni kweli 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile ya 66 na 67 dereva alikuwa Bert Shankland wa hapahapa Dar, 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Sawa, lakini Shankland alishinda na lake, hili unaloniuzia wewe lilikuwa linabeba mkaa Handeni, sakafu imezibwa na bati la paa, halafu unaniambia orijino?? Na ukimwomba afungue hiyo bolti ya difu anakuwa mkali, eti unamharibia gari.

Kuna wanaouliza Datsun 120Y. Rahisi, mafuta inanusa tu, injini ndogo. Haya, nunueni.