Kliniki ya "ni gesi tu mama"

Jamani naandika bado nina hasira, mnivumilie. Mwaka jana katikati hivi nilianza kuishiwa pumzi, tunakaa ghorofa ya tatu, nikipanda na ndoo ya maji nikifika ya pili tu kifua kinabana, moyo unadunda mpaka masikioni, nakaa kwenye ngazi kama bibi watoto wa jirani wananiruka. Nikipumzika kidogo kinaachia. Basi nikaenda hiyo kliniki, pazuri kweli, kiyoyozi, mapokezi wanakuita dada yangu.

Daktari sasa! Simu mkononi, hata uso hainui. "Ni gesi tu mama, na upunguze mwili." Mwili upi, mimi mwenye kilo 58?? Kipimo cha moyo nikafanyiwa nimelala, kikatoka safi, eti umeona? Hata fundi gari huiendesha kwanza ndo ajue inagonga wapi, we unanipima nimelala wakati mi naumwa nikipanda ngazi! Dawa za gesi, elfu sitini ikaniaga.

Wiki tatu nne hamna kitu. Shangazi ndo akanikokota hospitali ya serikali, foleni mpaka saa nane mchana, ila yule daktari, mama mtu mzima, alinivuta kope ya chini akachungulia akaniuliza, "Unatafuna mchele mbichi?" Nikanyamaza. Ulikuwa kwenye pochi! Kumbe hamu hiyo nayo huwa dalili ya kupungukiwa damu. Akauliza siku zangu, nikamwambia nane, tisa, pedi hazitoshi. Damu (wingi wake, hemoglobini) ikasoma 6.4 wakati mwanamke inatakiwa kuanzia 12, kumbe uvimbe kwenye kizazi ndo unaimaliza, moyo unakimbizana kupeleka hewa mwilini na damu haipo. Na bado akanipeleka ultrasaundi ya moyo, anasema kifua kubana ukijishughulisha usidandie jibu moja, yaweza kuwa mishipa ya moyo, valvu (vile vilango vya ndani ya moyo), pumu, hata damu kuganda kwenye mapafu.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Ila kusema ukweli yule kijana wa maabara yao, aliponitoboa kidole cha malaria, alishangaa, "dada mbona viganja vyeupe hivi, daktari kaona?" nami nikampuuza. Basi mbili. Aa hapana, nikikumbuka "upunguze mwili" inanipanda upya, moja, tena ya huyo kijana. Dawa zao za gesi bado nusu boksi zipo kabatini, anayezitaka aje achukue.