Uzoefu wangu: kupanda na watawa hadi kanisa la kilele cha Athos

Sijawahi kufanya hija inayomtoza hujaji fedha kidogo na kumdai nguvu nyingi kama hii ya kupanda na watawa hadi kanisa dogo la Kugeuka Sura kwa Bwana, juu kabisa ya mlima Athos, kwenye rasi ya monasteri za Kiorthodoksi nchini Ugiriki. Ukiacha nauli za boti na ada ya kibali cha kuingia Athos, kiitwacho diamonitirio, nilikula na kulala monasterini bila kudaiwa chochote. Wanawake hawaruhusiwi kabisa kuingia, na kwa siku moja hutolewa takriban vibali 100 kwa Waorthodoksi na 10 tu kwa wengine, kwa hiyo ni busara kuomba miezi kadhaa kabla, hasa kwa sikukuu yenyewe ya Kugeuka Sura, ambayo huko huangukia tarehe 19 Agosti kwa sababu watawa wangali wanafuata kalenda ya kale ya Juliani, iliyo nyuma ya yetu kwa siku 13.

Kwa kuwa tulianza kutembea kwenye gati la Agia Anna, ambako boti inayotoka bandari ya Dafni hushusha abiria, na kilele kina urefu wa mita 2,033 kutoka usawa wa bahari, hakuna hatua tuliyopunguziwa. Kituo cha maana njiani ni Panagia, kwenye mita zipatazo 1,500, penye kanisa, mahali pa kujihifadhi na maji. Jazeni chupa hapo, kwa maana juu yake miti hukoma, na kinachobaki ni mawe meupe, jua na upepo.

Mkesha wa sikukuu, huko kileleni, ndio uliostahili jasho lote. Kanisa haliwezi kutuchukua sote, hivyo wengi tulisimama nje gizani, tumejifunika kila tulichokuwa nacho, tukifuata nyimbo kupitia mlango ulioachwa wazi; na watawa wazee, waliopanda polepole kuliko sisi, ndio walioimba bila kuonyesha uchovu hadi Liturujia ya alfajiri. Kasoro niliyoiona ni ya mahujaji wenyewe: baadhi walikuwa wakipiga picha zenye mwanga mkali wakati wa sala (na hakuna aliyewakemea).

Kuteremka kuliniumiza magoti kuliko kupanda, basi fimbo na koti zito si anasa. Anayetaka mandhari peke yake achague siku isiyo ya sikukuu, kwani ataipata njia tupu na nafasi ya kutosha ya kulala Panagia.