Vifaranga baridi ya Julai: uwaache na mama au uwaweke bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto la umeme au mkaa)?

Jamani wa Kibosho, Marangu mpaka Ngaramtoni, na baridi hii, kama vifaranga hawazidi 12 hivi mi nasema waache na mama yao, maana tetea wakipoa tu anawafunika mwenyewe, hataki umeme wala mkaa, we mpe boksi kavu lenye maranda, upepo usipite, chakula na maji viwe karibu ili asiwaburuze kwenye umande asubuhi, umande unawamaliza kweli.

Bruda ni ya vifaranga wengi, na tetea akiwa halei anawahi kurudi kutaga. Ila wiki ya kwanza inataka joto kama nyuzi 32 hadi 35, umeme ukikatika usiku ndo balaa, na jiko la mkaa pasipo hewa linaua. Wakirundikana wanalia, wanasikia baridi hao, ongeza joto.