Darasa la jua la Jumamosi hapa Mbeya, nimepeleka watoto mara nne, haya ndo niliyoyaona

Wazazi wenzangu wa Mbeya, wengi mmeniuliza hili darasa la jua la watoto likoje na kama hela yake inalipa, sasa nimeona niandike mara moja niweke kila kitu maana nimeshapeleka wanangu mara nne toka Agosti, mkubwa ana miaka sita mdogo ana minne na nusu. Halina kibao wala jina, ni uani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi huku Forest Mpya, watoto na wazazi wote tunamwita madam. Ada elfu nane kwa mtoto kwa siku, vifaa humo humo, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, uji wa saa nne upo.

Niseme mapema kabisa, mimi nalipa na nitaendelea kulipa. Kuna jambo moja lilinikera sana nitalieleza huko chini wala sitalipunguza, ila kinachofundishwa pale sijakiona kwingine. Watoto wetu jua wanalolijua ni lile la kwenye daftari, duara la njano lina macho linacheka, miale pembeni kama miguu ya buibui. Pale wanafundishwa hili hili jua letu linalotokea upande wa Uyole likazamia upande wa Mbalizi, na wanalifundishwa kwa mikono yao wenyewe.

Siku ya kwanza ilikuwa njegere. Madam alikuwa amekata duara kubwa kwenye boksi la friji, upana wake mita moja na sentimita tisa, watoto wakalipaka rangi wote kwa pamoja na brashi na vidole mpaka viwiko vikawa vya njano. Lilipokauka akaleta bakuli la njegere mbichi za sokoni Mwanjelwa, akachukua moja akaweka kwenye kiganja cha mwanangu mdogo akamwambia shika vizuri mwanangu, hiyo ndo dunia, Mbeya iko humo, Dar iko humo, bahari yote iko humo. Alafu wakaanza kupanga njegere kwa mstari kukatiza duara toka ukingo mpaka ukingo wakihesabu kwa sauti, wengine wanaishia ishirini wanaanza upya, wakubwa wanawasaidia, zinabingirika zinarudishwa, nusu saa nzima hiyo, mpaka wakafika 109. Dunia 109 ndo zinakatiza jua moja. Mimi mtu mzima nimesoma hiyo namba shuleni na sikuwahi kuielewa mpaka siku ile nilipoona mstari wa njegere.

Hakuishia hapo. Akauliza sasa dunia inakaa umbali gani na hili jua, mtoto mmoja akaiweka njegere pembeni ya boksi, mwingine akapeleka mpaka getini. Madam akasema twendeni. Tukatoka na futi kamba, dada msaidizi kabaki uani kalisimamisha lile boksi lielekee getini, tunapima barabarani mpaka karibu mita 118, tukafika kwenye genge la mama anayeuza nyanya na ndizi, pale ndo njegere ikapata makazi. Ukigeuka kuangalia nyuma lile boksi kubwa limekuwa kaduara kadogo, na hapo ndo utamu wenyewe, maana kwa umbali ule linaonekana dogo sawasawa na jua linavyoonekana angani. Huo umbali kwa ukweli wake ni kilomita milioni 150 na mwanga unatumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia. Waliporudi madam akatega simu ihesabu muda huo, wakaimba, wakachoka, wakaomba maji, simu haijalia bado. Ilipolia akawaambia huu mwanga ulio mkononi mwako sasa hivi umetoka kwenye jua kabla hamjaanza kuimba. Kuna katoto kakaangalia mkono wake mbele na nyuma muda mrefu tu.

Sasa Agosti Mbeya mnaijua, asubuhi tulikuwa tumejifunika mashuka, ndo mtoto wa jirani yangu akauliza swali ambalo nadhani kila mtoto aliyekulia huku lazima aulize: madam, sisi tupo juu milimani karibu na jua mbona kuna baridi, na Dar wapo chini mbona joto? Walimu wengi wangemwambia kaa chini. Madam akampa blanketi mbili, moja zito moja jepesi. Akamwambia hewa ndo blanketi la dunia, Dar wamejifunika zito, sisi huku mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari tumejifunika jepesi ndo maana joto halikai. Na huo ukaribu wetu na jua ni kitu gani, haifiki hata kilomita mbili kwenye kilomita milioni 150, hata njegere haijasogea. Akaongeza kitu ambacho wazazi tunapuuza, kwamba hilo blanketi jepesi ndo hilo hilo linafanya jua la milimani liunguze ngozi kuliko tunavyodhani hata kama unasikia baridi, kwahiyo kofia ni lazima. Kweli toka siku hiyo wangu hawatoki bila kofia, na hapo nilikuwa nimepiga kelele mwaka mzima.

Siku ya pili ilikuwa ya rangi, nitaipita haraka maana kwangu ndo ilikuwa dhaifu. Walitengeneza jua la vifuniko vya soda na vipande vya vitenge kwa gundi ya unga wa ngano, kazi nzuri, ipo ukutani kwangu hadi leo. Ila dada msaidizi alikuwa anawarudisha waliopaka tofauti na njano. Mwanangu mkubwa alipaka jekundu akaambiwa arekebishe, na mtoto alikuwa sahihi, kipindi kile cha kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa jua la jioni huku kwetu jekundu kabisa anaishi akiliona. Tena ukilitazama kutoka nje ya hewa ya dunia ni jeupe, unjano na wekundu ni hewa yetu na vumbi letu vinaupotezea mwanga rangi nyingine njiani. Madam mwenyewe alikuja kulieleza hilo baadae kwa chupa ya kupulizia maji, watoto wakaipa jua mgongo asubuhi ile wakapuliza upinde wa mvua wao wenyewe, sasa kama mwanga una rangi zote hizo kwanini umkatalie mtoto jekundu?

Kulikuwa pia na picha za jua, unaweka jani la parachichi juu ya manila ya bluu unaligandamiza na kioo unaacha juani, pembeni panapauka chini ya jani panabaki bluu. Kwa masaa manne haitoki vizuri watoto wakakata tamaa. Sisi tuliirudisha nyumbani tukaiweka juu ya tenki siku tatu, ikatoka mpaka vimishipa vya ukingo wa jani unaviona. Madam awe anawaambia wazazi waendelee nyumbani.

Haya sasa jambo lililonikera. Siku ya tatu walitengeneza boksi la kuangalizia jua. Boksi la viatu, upande mmoja unakata kadirisha unabandika foili kwa selotepu unatoboa tundu moja kwa sindano, upande wa pili ndani unabandika karatasi nyeupe, unalipa jua mgongo unachungulia pembeni unaona jua limetua kwenye karatasi, kadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Ni kitu salama na kizuri mno. Lakini wakati madam yuko ndani anaongea na mzazi, kijana mmoja aliyekuja kusaidia siku hiyo akatoa filamu za eksirei za zamani akaanza kuwagawia watoto walitazame jua moja kwa moja. Nilikuwa kibarazani nikaruka. Wazazi sikilizeni hapa, filamu ya eksirei inapunguza mwanga jicho lisikie raha tu, mionzi mingine usiyoiona inapita, na kule nyuma ya jicho hakuna mishipa ya kusikia maumivu, kwahiyo linaungua mtoto yupo anacheka. Miwani ya kawaida ya jua hivyo hivyo, CD hivyo hivyo, kuangalia kwenye maji hivyo hivyo. Nilizikusanya mwenyewe mkononi nikampelekea madam, na nashukuru hakuleta kujitetea, alisimamisha kila kitu akawakalisha watoto akawaeleza upya, akaniambia samahani mama, hili kosa ni langu mimi. Yule kijana hajaonekana tena. Nimewasamehe ila nimeliandika maana watoto walikuwa kama 28 na wasimamizi watatu, hiyo idadi ni kubwa kwa somo la jua, na ukimpeleka wako nakushauri kaa, usimshushe getini ukaondoka na bajaji.

Na mimi hili la macho linanigusa kwa sababu nilikuwepo Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa. Waliokuwepo wanakumbuka ule umati, watu toka kila kona ya nchi na wazungu na makamera yao, mwezi ukaingia katikati ya jua ikabaki pete. Nilikuwa na miwani maalumu ya kupokezana na ndugu zangu. Lakini kilichonikaa moyoni zaidi hakikuwa juu, kilikuwa chini ya mti tuliokuwa tumekaa, mwanga unaopenya kwenye majani ulikuwa unaangusha chini vijijua vidogo vilivyomegeka, mamia, kwenye vumbi, kwenye kanga ya mama yangu, kila kimoja kama mwezi mwandamo. Miaka yote hiyo sikujua kwanini. Nimekuja kujua uani kwa madam nikiwa nimeinamia boksi la viatu la mwanangu, kumbe upenyo kati ya majani unafanya kazi ile ile ya tundu la sindano. Nilimweleza madam nikamwomba niwasimulie watoto, akanipa nafasi, na siku hiyo watoto walienda chini ya mti wake kuhesabu vijijua vya duara.

Siku ya nne sasa, Jumamosi ya katikati ya Oktoba, hata kama utaenda siku moja tu nenda hii. Tulianza na kitendawili, popote niendapo ananifuata, wote kwa pamoja kivuli! Alafu wakachora vivuli vyao kwa chaki kwenye sakafu ya uani saa tatu, kila mtoto amesimama kwenye alama yake, mirefu inaelekea Mbalizi. Saa nne tena, saa tano tena, vinafupika. Hapo hapo wakatengeneza saa ya kivuli kwa kipande cha boksi na kijiti cha mwanzi, na madam akawaambia kitu kitamu, kwamba saa zetu za Kiswahili ni za jua, tunaanza kuhesabu linapochomoza, saa moja ni saa ya kwanza ya jua kuwa juu, ndo maana mtoto wa Kiswahili anasoma kijiti chake bila shida.

Ilipofika saa sita kasorobo madam akaleta kopo refu la maziwa ya unga, tupu, akaliweka wima katikati ya ua. Tukasubiri. Saa sita kamili bado ndani upande mmoja ulikuwa na giza, maana saa ya nchi nzima inafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki huko baharini karibu na Komoro, sisi tupo nyuzi 33, jua linafika kwetu limechelewa. Saa sita na nusu hivi, mwanangu mdogo ndo aliona kwanza, mama hakuna kivuli ndani! Na kweli, kopo lote kuanzia mdomo mpaka kitako linang'aa, huoni kivuli upande wowote, na nje kopo limesimama kama halina kivuli kabisa. Watoto wakajiangalia chini. Kila mmoja amekanyaga kivuli chake, kimekwisha chote chini ya miguu. Kelele zilizopigwa uani pale majirani walichungulia ukutani.

Tunasema kila siku jua la utosi, jua la utosini, kumbe huku kwetu linakaa utosini kweli kweli mara mbili tu kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Arusha wanalipata mapema mwanzoni mwa Oktoba, Songea siku chache baada yetu. Siku nyingine zote linapita pembeni kidogo, kaskazini kwenye miezi ya baridi kama Juni ambapo mchana kivuli chako kinaelekea kusini, na Desemba linageuka upande wa pili.

Kwa wanaotaka kwenda: Februari ipo ila mawingu na mvua vinaweza kuwanyima, na kipindi hicho jua linafika utosini kama saa saba hivi kwahiyo msiondoke mapema. Kofia, maji, nguo za kuchafuka, boksi la viatu kama unalo. Madam amesema ataanza kugawa watoto makundi mawili ya 14, nimeshalipia la asubuhi. Kopo la maziwa lililobaki kwangu mdogo ameliweka kibarazani, kila mchana anachungulia ndani kivuli kimefika wapi, juzi amekuja kuniambia mama leo kiko upande wa huku, akanionesha kwa kidole upande wa kusini, nikaenda kuangalia nikakuta ni kweli.