Studio ya Kirumba iliyomwimbia marehemu mdogo wangu

Kama unatafuta wimbo wa kumbukumbu ya marehemu hapa Mwanza, nenda studio moja iko Kirumba, ghorofani juu ya duka la nafaka. Kwa laki moja na nusu wanatunga, wanarekodi, wanakupa kwenye flashi na kukurushia WhatsApp. Mimi nauza dagaa Mwaloni, lakini mashairi nayajua. Nimekulia kwenye taarabu za redio ya bibi.

Mtunzi hakukimbilia kalamu. Aliniuliza, "Dada, marehemu alipenda nini?" Nikamweleza tulivyokuwa tukikimbiza vipepeo weupe wanaotua kwenye mchanga uliolowa, pale kina mama wanapooshea samaki. Vipepeo hao wanafuata chumvichumvi ya tope. Ukimshika mmoja, vidole vinabaki na unga, ambao kumbe ni magamba madogo ya mabawa yake. Akaandika:

Ulitua mkononi, unga wako umebaki,
Nakutafuta angani, mwenyewe hukamatiki.

Vina vimekaa, mizani nane kwa nane, na uchungu wote umo. Watunzi wengi wakimtaja kipepeo, humfanya mrembo asiyetulia, leo ua hili kesho lile. Huyu kaacha rangi, kashika unga. Vipepeo wengi wakishaota mabawa huishi wiki chache tu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 23. Ubeti wa pili unalibeba hilo bila kutaja umri, na hapo ndipo shangazi alipoomba wimbo urudiwe siku ya arobaini.

Mtunzi alitaka kuongeza ubeti kuhusu Meksiko, ambako vipepeo wahamao hufika kwa wingi karibu na Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, na watu husema ni roho za wapendwa wao zimerudi nyumbani. Habari nzuri sana, lakini nilikataa. Huyu tulimzika huku ziwani, na vipepeo wake ni wa hapa.

Kasoro ni biti. Mara ya kwanza ngoma zilikuwa nzito mpaka sauti ya mwimbaji ikazama, na ile "hukamatiki" anayoivuta taratibu haikusikika kabisa. Niliomba wabakize gitaa na kayamba. Prodyuza alisita, kisha akafanya, wala hakuongeza hela.

Nenda asubuhi kabla vijana wa Bongo Fleva hawajajaa, na waambie mapema kama hutaki ngoma.